Namna ya Kuionja Sigaa Bora na Kumpendekezea Mwenzako Itakayomfaa: Mwongozo Kamili

Mtu anayewauliza wapenzi wenzake wa sigaa, "Nijaribu ipi?", kwa kawaida hujibiwa kwa msururu wa majina. Mmoja humtajia aliyoivuta jana, mwingine humtajia ya bei kubwa kuliko zote alizowahi kununua, na wa tatu humtajia ile ambayo kila mtu huisifu, lakini ni nadra kumpata anayemuuliza kwanza huvuta mara ngapi, ana muda kiasi gani, na amekula nini. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa rafiki yangu sigaa nzito ya Nikaragua saa kumi alasiri, naye hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Kabla hajafika katikati, jasho lilikuwa linamtiririka na uso umempauka, nami nilikuwa bado namweleza jinsi jani lake la nje lilivyo la adimu. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba anayependekeza anapaswa kumjua mvutaji kwanza, na sigaa baadaye. Hata hivyo, kwa kuwa huwezi kuisemea usiyoijua, nitaanza na sigaa yenyewe.

Kwa neno sigaa ninamaanisha tumbaku iliyoviringwa kwa mkono ndani ya majani ya tumbaku yenyewe, bila karatasi. Sigara ya kawaida ni kitu kingine, na biri ya Kihindi, ambayo hufungwa kwa jani la mti, ni kitu kingine pia.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta na amejua anachokifanya. Moshi wa sigaa husababisha saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu, na asiyeupeleka mapafuni hayuko salama, kwa kuwa nikotini na sumu nyingine hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa. Tena sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayolingana na ya pakiti nzima ya sigara. Kwa hiyo asiyevuta hapendekezewi chochote, hata kwa mzaha wa sherehe ya harusi. Sheria nazo zizingatiwe: Kenya, Tanzania na Uganda zote zinabana uvutaji katika maeneo ya umma, na Uganda imeweka umri wa kuuziwa tumbaku kuwa miaka 21.

Hatua ya kwanza: ijue sigaa kabla ya kuisemea

Sigaa ina sehemu tatu. Katikati kuna majani ya ndani, yanayozungukwa na jani la kufungia, na juu ya yote kuna jani la nje, ambalo ndilo jembamba, laini na ghali kuliko mengine. Majani ya ndani huchaguliwa kufuatana na mahali yalipoota kwenye mche, na watengenezaji huyaita kwa majina ya Kihispania: volado ni ya chini, nayo kazi yake kubwa ni kusaidia moto uendelee, seco ni ya katikati, nayo huleta harufu, ligero ni ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, mazito na makali, yanayoungua polepole kiasi kwamba fundi huyaweka katikati kabisa ya sigaa. Ukisikia kwamba sigaa fulani "ina ligero nyingi", elewa kwamba unaonywa.

Mahali jani lilikolimwa pana maana pia. Nchini Kuba, eneo la Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río ndilo linalotajwa kwa heshima kubwa zaidi. Nikaragua ina mabonde ya Estelí, Condega na Jalapa. Jamhuri ya Dominika ina bonde la Cibao, karibu na mji wa Santiago. Hondurasi ina Jamastrán. Majani ya nje yana safari zake: yale laini ya Connecticut nchini Marekani yamekuwa yakikuzwa chini ya mahema ya kitambaa ili jua kali lisiyafanye mazito, ilhali ya Ekwado hufunikwa na mawingu yenyewe. Afrika nayo imo. Jani la nje la Kameruni, linalolimwa pia Jamhuri ya Afrika ya Kati, ni dogo na lenye vipele vidogo, na lina utamu mwembamba ambao wengi huutafuta. Tumbaku yetu ya Tabora na Urambo haimo katika hesabu hii, kwa kuwa hukaushwa kwa joto la mabani, yaani vibanda vya kukaushia, ili itumike katika sigara za kawaida.

Ukubwa huelezwa kwa namba mbili, yaani urefu na unene. Unene huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi moja, kwa hiyo sigaa ya unene wa 50 ina upana wa karibu milimita 20. Ukubwa una majina pia: robusto ya Kuba ina urefu wa milimita 124 na unene wa 50, petit corona ina 129 na 42, na Churchill ina 178 na 47. Namba hizi zina uzito kuliko zinavyoonekana, kwa sababu katika sigaa nyembamba jani la nje huwa na sehemu kubwa zaidi ya ladha, na katika sigaa nene majani ya ndani ndiyo yanayotawala. Chapa ileile katika ukubwa mbili inaweza kuwa kama vitu viwili tofauti. Anayependekeza jina la chapa bila kutaja ukubwa amesema nusu tu ya neno.

Kosa moja linastahili kutajwa peke yake kwa sababu hurudiwa kila mahali. Watu hudhani kwamba jani jeusi ni kali. Weusi wa jani linaloitwa maduro hutokana zaidi na aina ya jani na muda mrefu wa kuchachushwa, na mara nyingi huleta utamu wa kahawa na sukari guru, ilhali ukali hutoka zaidi katika majani ya ndani. Nimeona sigaa ya rangi ya chai ya maziwa ikimlaza mtu kitini, na nyeusi ti ikimwacha akiomba nyingine. Kwa anayetaka kulithibitisha hili kwa kinywa chake, sigaa ya chapa ya Padrón, ya mfululizo wa 1964, huuzwa ikiwa na jani la kawaida na ikiwa na jani la maduro. Zivute zote mbili kwa ukubwa uleule, kwa siku tofauti, ndipo utajua rangi inaongeza nini na haiongezi nini.

Hatua ya pili: ihifadhi isiharibike mikononi mwako

Nusu ya lawama zinazotupiwa sigaa ni lawama za hifadhi. Sigaa hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 65 na 70, na joto la nyuzi 16 hadi 20. Mwongozo mwingi ulioandikwa Ulaya humfundisha msomaji namna ya kuongeza unyevu, kwa sababu huko hewa ya ndani ya nyumba hukauka wakati wa baridi. Anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ana taabu ya upande wa pili: hewa yenyewe mara nyingi imeshapita asilimia 75, na joto halishuki vya kutosha hata usiku. Sigaa iliyolowa unyevu hubonyea kama sifongo, mvuto wake, yaani upitaji wa hewa ndani yake, huziba, huzimika kila baada ya dakika chache, na jani la nje hupasuka ikipata moto. Nairobi, iliyo juu na yenye ubaridi, haina shida kubwa ya joto, lakini saa za mchana wakati wa kiangazi hewa yake inaweza kukausha sigaa iliyoachwa mezani. Kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai, adui ni kiyoyozi, ambacho hukausha hewa mchana kutwa.

Kasha la mbao ya mwerezi wa Kihispania, ambao kibotania si mwerezi hata kidogo, ni zuri na lina harufu ya kupendeza, lakini kwa anayeanza pwani ningemshauri anunue chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana sawasawa, akioshe, akiache kipoteze harufu ya dukani, kisha aweke ndani yake vifuko vya kudhibiti unyevu vya asilimia 65. Vifuko hivyo hufyonza unyevu unapozidi na kuutoa unapopungua, na jambo hilo ndilo tunalolihitaji. Chombo kikae katika kabati la ndani kabisa, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Friji ya jikoni haifai kuwa ghala, kwa kuwa hukausha na huambukiza harufu ya vitunguu.

Kipimaunyevu usikiamini kabla ya kukijaribu. Chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya mezani, idondoshee maji kidogo hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha kifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Hewa ndani ya mfuko huo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 71, ujue kwamba siku zote kinakudanganya kwa nne.

Joto likizidi nyuzi 24 kwa muda, mayai ya mbawakawa wa tumbaku, ambayo huenda yalikuja na jani kutoka shambani, huanguliwa, na utaona vitundu vya mviringo kama vile vya maharage yaliyobunguliwa. Ukiona kitundu kimoja, tenga sigaa zote, zifunge katika mifuko miwili inayobana, uzigandishe kwenye friza kwa siku tatu, uzihamishie sehemu ya kawaida ya friji kwa siku moja, ndipo uzitoe. Ukizitoa kwa pupa kutoka barafuni hadi kwenye joto la sebuleni, majani yatapasuka. Ukungu wa kijani au buluu wenye manyoya haufutwi, na sigaa yake hutupwa. Zilizosafiri kutoka mbali nazo hazivutwi siku ya kufika; wiki mbili au tatu za kupumzika huzirudishia ulinganifu.

Hatua ya tatu: kata, washa, vuta

Hapa maneno hayahitaji kuwa mengi. Kwenye ncha ya kinywani kuna kofia, kipande kidogo cha jani kilichobandikwa kulishikilia jani la nje. Kata juu ya mstari ambapo kofia hiyo inaishia, milimita mbili hivi tu, kwa kikatio chenye makali. Ukikata chini ya mstari, sigaa yote itafunguka mkononi kama kanga isiyofungwa vizuri. Jaribu mvuto kabla ya kuwasha. Tumia kiberiti cha njiti za mbao au cha gesi, kamwe si cha petroli, kwa sababu harufu ya petroli huingia katika tumbaku na haitoki. Shikilia mwali chini ya ncha bila kuigusisha, ukiizungusha hadi ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute.

Vuta mara moja kwa dakika, au chini ya hapo. Mwenye haraka huichoma sigaa, na sigaa iliyochomeka huwa chungu hata ingekuwa ya thamani gani. Moshi ubaki kinywani, usipelekwe mapafuni. Waliozoea huusukuma kidogo utokee puani, kwa sababu harufu nyingi husikika puani kuliko kwenye ulimi. Moto ukienda upande mmoja, uguse upande uliobaki nyuma kwa mwali mfupi. Jivu lililorefuka kwenye ncha usilihangaikie, na ukimaliza usiipondeponde sigaa kwenye kisahani. Iweke tu, itazimika yenyewe bila kutoa harufu mbaya.

Hatua ya nne: onja kwa maneno ya nyumbani kwako

Wapenzi wengi wa sigaa huandika maelezo yao kwa maneno waliyoyasoma: ngozi ya tandiko, mkate wa shayiri, matunda ya msituni. Huenda mwandishi wa kwanza aliyanusa kweli, lakini anayeyarudia Tanga bila kuwahi kunusa tandiko la farasi hasemi lolote. Sisi tuna jikoni lenye maneno ya kutosha. Ule ukali unaochoma nyuma ya koo ni pilipili manga, na ule unaowasha ncha ya ulimi kwa utamu ni mdalasini. Kuna karafuu, na ina tofauti kati ya iliyokauka na ya mbichi. Kuna iliki, tende, karanga zinazokaangwa, kashata inayokaribia kuungua, buni inayokaangwa kwenye kikaango, udi uliokwisha kuzimika chumbani, mbao mbichi ya seremala, vumbi lililopata mvua ya kwanza. Mwenzako akiambiwa kwamba theluthi ya pili "inakuwa kama kahawa chungu ya dele pamoja na kashata ya nazi", anajua kitakachomkuta.

Jizoeze kuandika sigaa kwa theluthi tatu, kwa kuwa hubadilika kadiri moto unavyosonga, na utenganishe mambo matatu ambayo huchanganywa sana. Ukali ni nguvu ya nikotini, unaoisikia kichwani na tumboni. Uzito ni jinsi moshi unavyojaza kinywa, kama tofauti ya tui la kwanza na tui la mwisho. Ladha ni ladha. Sigaa inaweza kuwa na ladha nyingi na ukali mdogo, na anayesema tu kwamba "ni nzito" amewaacha wasikilizaji wake watatu na maana tatu.

Andika pia tarehe, ukubwa, umeihifadhi muda gani, umekula nini na umekunywa nini. Usitoe hukumu kwa sigaa moja. Zimetengenezwa kwa mikono ya watu, na fundi huyohuyo aliyeviringa ishirini na nne safi anaweza kubana ya ishirini na tano isipitishe hewa.

Hatua ya tano: muulize kabla ya kumtajia

Maswali yanayohitajika ni machache. Huvuta mara ngapi? Ana dakika ngapi? Robusto huchukua kama dakika arobaini na tano hadi saa nzima, na Churchill inaweza kupita saa moja na nusu, kwa hiyo mwenye nusu saa ukimpa Churchill umempa karaha. Atavuta kabla ya chakula au baada yake? Anakunywa nini kando? Ipi ya mwisho iliyompendeza, na ipi iliyomkera, na kwa nini? Jibu la swali hili la mwisho lina thamani kuliko mengine yote, maana wengi hushindwa kueleza wanachokipenda lakini kila mtu anaeleza vizuri kilichomkera.

Kwa mvutaji wa mara chache, au kwa wenye kuvuta usiku wa Ramadhani baada ya mchana kutwa bila kitu, chagua zenye ukali mdogo na ukubwa mdogo, na ziwe baada ya chakula, si juu ya kokwa tatu za tende. Macanudo Café, yenye jani la nje la Connecticut, ni pole na haina makuu. Wajuzi huidharau, nami sioni sababu. Kwa Kuba, Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 ni robusto laini. Mzoefu anayetaka nguvu anaweza kuelekezwa kwenye Partagás Serie D No. 4, au kwa Nikaragua kwenye Joya de Nicaragua Antaño, ambayo hii ya pili simpi mtu bila kumwona akila kwanza.

Taja nchi pamoja na jina. Serikali ya Kuba ilitaifisha viwanda vya tumbaku mwaka 1960, wenye chapa wengi wakaondoka, na Marekani ikaweka vikwazo vya biashara mwezi Februari 1962; matokeo yake ni kwamba majina kama Montecristo, Partagás, Romeo y Julieta na H. Upmann yanatumiwa hadi leo na watengenezaji wawili tofauti, wa Kuba kwa masoko mengi ya dunia, na wa nchi kama Jamhuri ya Dominika kwa soko la Marekani. Hata Cohiba, iliyoanzishwa Kuba mwaka 1966 baada ya hayo yote, ina pacha wake wa Dominika. Ukimwambia shemeji yako aliye Houston kwamba "Cohiba ni tamu", naye akanunua ya dukani kwao, mtabishana mwaka mzima mkizungumzia vitu viwili.

Mwonye kuhusu bandia. Sanduku la Cohiba ya Kuba lenye mfuniko wa kioo ni la bandia, bila mjadala, kwa sababu Kuba haitengenezi sanduku la namna hiyo. Na "ya mjomba anayefanya kazi kiwandani" inayouzwa ufukweni haina tofauti nalo. Sanduku halisi la Kuba lina muhuri wa kuchomwa kwenye sehemu ya chini, pamoja na herufi za kiwanda, kifupi cha mwezi kwa Kihispania na mwaka. Soma mwaka huo, na uutaje unapopendekeza, kwa kuwa sigaa iliyokaa miaka minne huwa imetulia kuliko ya mwaka jana.

Sema kasoro kabla ya sifa. Kama mvuto wake hubana, kama theluthi ya mwisho huwa chungu, kama bei imepanda kupita ubora, yaseme mapema. Na kama ulipewa zawadi na muuzaji, liseme pia, hata kama unaamini halikukuathiri.

Hivi ndivyo pendekezo langu lingesomeka kwa mtu aliyenijibu maswali hayo: "Umesema huvuta mara moja kwa mwezi, baada ya chakula cha jioni, una dakika arobaini, na ile ya mwisho ilikukera kwa sababu ilikuwasha koo. Jaribu Montecristo No. 4 ya Kuba, petit corona. Ukali wake ni wa wastani, inaanza na mbao na kahawa, kisha inaingia kitu kama kakao isiyo na sukari. Mbili kati ya kumi nilizovuta zilibana, kwa hiyo nunua mbili, usinunue sanduku. Ziache wiki mbili kwenye unyevu wa 65. Kunywa kahawa ya tangawizi au maji tu. Ikianza kuwa moto mdomoni, iache hapo hapo."

Baada ya wiki kadhaa akirudi na kusema kwamba haikumpendeza, usiitetee. Muulize iliharibika katika theluthi ipi, alikuwa ameiweka wapi, na aliivuta kwa mwendo gani. Akisema ilikuwa safi hadi katikati kisha ikamwasha koo tena, mwelekeze kwenye Epicure No. 2, na mwambie avute mara moja kwa dakika mbili. Akisema haikupita hewa tangu mwanzo, mpe moja kutoka kwenye kasha lako mwenyewe, ili angalau mwonje kitu kimoja.